Fungate nje ya nchi: jinsi ya kuchagua pa kwenda kabla hamjalipa senti

Wachumba wengi huanza na picha. Wanaona nyumba ya makuti juu ya maji ya feruzi, wanaipenda, wanaulizia bei, na wakishalipa nauli ndipo wanapogundua kwamba mwezi wao wa harusi ni wa mvua kule, au kwamba viza inachukua wiki sita. Fuateni mpangilio wa kinyume. Anzeni na mambo matatu yasiyobembelezeka: fedha zilizokwisha ingia mkononi, pasi zenu na mwezi wa safari. Hayo yataondoa majina mengi kwenye orodha yenu. Yakibaki mawili au matatu, basi picha ziamue.

Mwongozo huu ni wa wanaoondokea Tanzania na Kenya. Kwa Mtanzania, Diani, pwani ya Kenya, ni nje ya nchi. Kwa Mkenya, Nungwi, Zanzibar, ni nje ya nchi. Tutafika huko pia, maana fungate nzuri haipimwi kwa saa za kukaa kwenye ndege.

Hatua ya 1: Fedha na siku

Kamati ya harusi huhesabu ahadi. Ahadi nyingi hulipwa wiki ya mwisho, nyingine hazilipwi kabisa, na ukumbi na chakula hula kwanza. Fungate huachiwa masalia. Dawa yake ni mfuko wa peke yake, unaoanza miezi sita au zaidi kabla ya harusi, usioguswa na mweka hazina wa kamati. Kinachohesabika ni kilichoingia. Kama marafiki wamesema watawazawadia safari, waulizeni mapema wanalipia nini hasa. Mara nyingi zawadi ni usiku kadhaa wa hoteli, na nauli inabaki juu yenu.

Gawanyeni bajeti hivi kwa kuanzia: asilimia 40 nauli, asilimia 35 malazi, asilimia 15 chakula na usafiri wa kule, asilimia 10 akiba isiyopangiwa kazi. Nauli ikipita nusu ya fedha zote, mahali hapo ni pa mbali mno kwa mfuko wenu. Mtafika, lakini mtakaa chumbani mkihesabu bei ya soda.

Siku nazo zihesabiwe kwa ukali huo huo. Sheria ya kazi Tanzania inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, ya Kenya siku 21 za kazi, na siku za sendofu, kitchen party na harusi yenyewe kwa kawaida hutoka humo humo. Toeni hizo kwanza, kisha toeni siku moja ya kwenda, moja ya kurudi na moja ya kupumzika kabla ya kurudi kazini. Zilizobaki ndizo siku za fungate. Zikiwa chini ya usiku 5, msitafute mahali panapohitaji kubadilisha ndege mara mbili. Zikiwa 5 hadi 7, hoteli moja, au mbili kwa shida. Wanaopanga visiwa vitatu ndani ya usiku sita huishia kukaa bandarini na viwanjani na masanduku yao.

Ndege isiwe asubuhi ya siku inayofuata harusi. Sherehe ya Jumamosi huisha usiku wa manane, kuna zawadi za kuhifadhi, nywele za kufumua, wazee wa kuaga. Jumatatu usiku au Jumanne ni salama zaidi.

Hatua ya 2: Pasi dhaifu ndiyo inayoamua

Kama mmoja ana pasi ya Tanzania na mwingine ana ya Uingereza au Oman, angalieni masharti ya ile yenye milango michache. Kila pasi iwe na zaidi ya miezi 6 kuanzia siku ya kurudi, si ya kuondoka, na kurasa 2 tupu zinazotazamana.

Kwa pasi za kawaida za Tanzania na Kenya, hali iko hivi:

- Bila viza ya kuombwa kabla: Mauritius, Malaysia, Singapore na Afrika Kusini. Wakenya waliruhusiwa kuingia Afrika Kusini bila viza kuanzia Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka.
- Wazi kwa mataifa yote kwa masharti: Maldives hutoa viza ya siku 30 bure mnapofika, mkiwa na hoteli iliyothibitishwa, tiketi ya kurudi na fedha za kujikimu. Seychelles haina viza, ila mnaomba kibali cha kusafiria mtandaoni, chenye ada, kabla ya kupanda ndege.
- Viza lazima: Dubai, Uturuki, Thailand, Ulaya, Uingereza, Marekani. Ya Dubai mara nyingi hupitia shirika la ndege, hoteli au wakala.

Ulaya ina hesabu yake. Viza ya Schengen, inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, inaombwa si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima iwe ya angalau yuro 30,000. Mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ile mtakayoingilia. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila unaweza kufika siku 45, na ukinyimwa ada hairudi. Mkitaka Paris au Roma, ombeni viza kwanza, kisha tiketi. Kwa walio na miezi miwili tu kabla ya harusi, ushauri wetu ni kuiacha Ulaya kwa maadhimisho ya mwaka wa kwanza.

Angalieni pia mnapobadilisha ndege. Kupitia London, Watanzania, Wakenya na Waganda wanahitaji viza ya kupita hata wasipotoka uwanjani, isipokuwa wakiwa na hati nyingine zinazowasamehe. Na mkinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha, mizigo haiendi moja kwa moja: mnaichukua, mnaingia nchini, mnaikabidhi upya. Kama hamna ruhusa ya kuingia nchi hiyo, safari inaishia hapo. Na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nanyi.

Kosa linalorudiwa mno ni la jina. Bibi harusi anakatiwa tiketi kwa jina la mumewe wakati pasi ina jina la baba yake. Tiketi ifuate herufi za mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasi, neno kwa neno. Anayetaka kubadilisha jina abadilishe akirudi. Bebeni nakala mbili za cheti cha ndoa: hoteli nyingi hukidai kabla ya kutoa punguzo la fungate, na kwa kawaida hutaka ndoa isizidi miezi 6 au 12. Kikiwa cha Kiswahili pekee na kinakwenda ubalozini, kitafsiriwe.

Hatua ya 3: Mwezi, na upepo wa mwezi huo

Wapwani mtaelewa haraka sehemu hii, kwa sababu Bahari ya Hindi inaendeshwa na pepo mbili zile zile za majahazi. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi, utokao kusini, kuanzia Mei hadi Septemba, na kati yake kuna maleleji, bahari inapotulia. Wengi hudhani visiwa vyote vya picha za fungate vina msimu mmoja. Upepo ni mmoja, matokeo ni kinyume.

Maldives imelala kuanzia juu ya ikweta hadi chini yake kidogo. Kaskazi inafika huko ikiwa kavu, imetoka nchi kavu ya Asia, kwa hiyo Desemba hadi Aprili ndiyo miezi ya jua na maji maangavu, na bei ziko juu. Kuanzia Mei hadi Oktoba upepo wa kusini-magharibi unaleta mvua na mawimbi. Bei hushuka, na mvua mara nyingi ni ya mapigo mafupi, lakini siku tatu mfululizo za wingu zinawezekana.

Seychelles iko takribani nyuzi 4 hadi 5 kusini mwa ikweta. Kaskazi ikivuka ikweta hupinda na kuwa upepo wa kaskazini-magharibi, umebeba unyevu wa bahari. Ndiyo maana Desemba na Januari, wakati Maldives inang'aa, Mahé, kisiwa kikuu cha Seychelles, inanyeshewa. Kusi ndiyo majira makavu ya Seychelles, ila bahari inachafuka upande wa kusini-mashariki na mwani unarundikana ufukweni. Aprili na Oktoba ndiyo miezi bora, pepo zinapobadilishana zamu. Visiwa vyake vikuu viko karibu mno na ikweta kwa vimbunga kujizungusha na kupata nguvu, hivyo hofu hiyo haipo sana.

Mauritius iko nyuzi 20 kusini, na huko hofu ipo. Msimu wa vimbunga ni Novemba hadi katikati ya Mei, makali yake Januari hadi Machi. Tahadhari zake zina ngazi 1 hadi 4. Ikifika 3, mabasi yanasimama na maduka yanafungwa. Juni hadi Agosti ni kipupwe: mchana mzuri, bahari ya baridi kiasi, upepo mkali pwani ya mashariki. Oktoba na Novemba mwanzoni tunaipendekeza bila kusita.

Sasa weka harusi zenu hapo. Wakristo wengi hawafungi ndoa Kwaresima, Waislamu wengi hukwepa Ramadhani, na kwa hiyo harusi hurundikana Desemba, baada ya Pasaka, na Juni hadi Septemba.

Harusi ya Desemba au Januari: Maldives, Dubai, Zanzibar kwa Wakenya, Diani kwa Watanzania, au Cape Town ambako ni kiangazi. Onyo la Cape Town ni bei za katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, shule zikiwa zimefungwa, na upepo wa kusini-mashariki unaofunga gari la kamba la Table Mountain siku nzima. Mlima upandeni siku ya kwanza yenye utulivu, msiuache wa mwisho.

Harusi ya Aprili: Seychelles. Nyumbani ni masika, kwa hiyo ufukwe wa jirani hauna maana mwezi huo.

Harusi ya Juni hadi Septemba: Seychelles upande wa magharibi, Mauritius kwa wasiojali kuogelea sana, au hifadhi ya wanyama ya Kruger, Afrika Kusini, ambako majani yamekauka na wanyama wanasogea kwenye maji. Cape Town ni mvua na baridi miezi hiyo. Dubai inapita nyuzijoto 40. Hoteli ni rahisi kwa sababu hakuna anayetaka kutoka nje. Istanbul inafaa zaidi Aprili hadi Juni na Septemba hadi Oktoba. Wanaotamani kupanda puto huko Cappadocia, Uturuki, waweke asubuhi ya kwanza na wabakize asubuhi mbili za ziada, kwa sababu mamlaka ya anga huzuia kuruka upepo ukizidi, na huamua alfajiri hiyo hiyo.

Salalah, Oman, inastahili mstari wake. Kuanzia 21 Juni hadi 21 Septemba milima ya Dhofar inafunikwa na ukungu na manyunyu, inageuka kijani, wakati Muscat inaungua. Familia nyingi za Ghuba hukimbilia huko. Ila bahari ya Salalah katika miezi hiyo ni ya hatari, si ya kuogelea. Nendeni kwa milima na maporomoko. Mkitaka ufukwe mmekosea mwezi.

Malaysia ina pande mbili. Langkawi, magharibi, ni kavu Desemba hadi Machi. Visiwa vya Perhentian, mashariki, hupigwa na mawimbi Novemba hadi Februari na hoteli nyingi hufunga. Kutoka Dar ni zaidi ya saa 12 angani kupitia Ghuba, kwa hiyo msiende kwa chini ya usiku 7.

Mwisho wa kalenda: Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Katika visiwa vya Maldives vinavyokaliwa na wenyeji, migahawa hufungwa mchana. Kwenye visiwa vya hoteli mambo huendelea kama kawaida.

Hatua ya 4: Bei iliyoandikwa na bei mtakayolipa

Maldives ndiko watu wanakoumia zaidi, kwa hiyo tuipigie hesabu. Tuseme chumba kimetangazwa dola 350 kwa usiku, usiku 5: dola 1,750. Ongeza asilimia 10 ya huduma: 1,925. Ongeza kodi ya utalii ya asilimia 17, iliyopanda Julai 2025: 2,252. Ongeza ada ya kijani ya dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku: 120, jumla 2,372. Bado hamjafika kisiwani. Ndege inayotua majini ikiwa dola 450 kwa mtu kwenda na kurudi, na hiyo si bei ya juu, mko dola 3,272. Chumba cha 350 kimekuwa 654 kwa usiku, na hamjala chakula cha mchana.

Mkitua uwanja wa ndege wa Velana, ulio karibu na Malé, jioni kuna jambo jingine: ndege hizo huruka mchana tu. Mkifika baada ya takriban saa tisa na nusu alasiri, mtalala Malé au Hulhumalé kwa gharama yenu. Kabla ya kulipa hoteli, waandikieni saa ya ndege yenu na muulize: tutapelekwa siku hiyo hiyo, kwa chombo gani, kwa bei gani kwa wote wawili? Hoteli inayofikika kwa boti ya kasi, dakika 20 hadi 60 kutoka uwanjani, huokoa mamia ya dola.

Njia ya pili ni nyumba za wageni kwenye visiwa vya wenyeji, kama Maafushi, Dhigurah au Thulusdhoo. Chumba cha dola 80 kwa usiku 5, pamoja na huduma na kodi, kinafika 515. Ada ya kijani kwa nyumba ndogo ni dola 6, yaani 60. Boti ya kasi ya dola 25 kila upande kwa kila mmoja ni 100. Jumla 675. Masharti yake: hakuna pombe, nguo za kuogelea zinavaliwa kwenye ufukwe uliotengwa tu, na Ijumaa usafiri wa baharini ni haba. Wenzi Waislamu wengi wataona hayo si masharti bali raha. Tunachopendekeza kwa mfuko wa kati ni usiku 4 kisiwa cha wenyeji na usiku 1 au 2 hotelini mwishoni, kamwe si mwanzoni. Ukianza na hoteli, nyumba ya wageni itaonekana adhabu.

Seychelles ina ada ya mazingira ya rupia 25 hadi 100 kwa mtu kwa usiku kutegemea ukubwa wa malazi, na chakula cha hotelini ni ghali. Nafuu yake ni nyumba za wageni zenye jiko. Meli ya Mahé hadi Praslin ni kama saa moja, na Praslin hadi La Digue dakika 15 tu, kwa hiyo mkitaka visiwa viwili chagueni Praslin na La Digue. Wakati wa kusi safari ya Mahé–Praslin hutapisha. Kaeni nyuma, chini, na mmeze dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla.

Mauritius hesabu yake ni rahisi zaidi kwa sababu hoteli nyingi huuza chumba pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni, au kila kitu. Linganisheni bei za aina moja. Chumba cha dola 120 bila chakula mbali na mji kinaweza kuwagharimu zaidi ya cha dola 190 chenye milo miwili.

Hatua ya 5: Upande gani wa kisiwa

Nchi mkishaichagua, kazi ya pili ni ufukwe. Hapa ndipo tofauti ya fungate nzuri na ya kununa inapopatikana, na mawakala wachache huwaeleza wateja.

Mahé: Beau Vallon iko kaskazini-magharibi, imejikinga na kusi, Juni hadi Septemba ni shwari, Januari ina mawimbi. Praslin: Anse Lazio ina tabia hiyo hiyo. Mauritius: Belle Mare na pwani ya mashariki wakati wa joto, Flic en Flac na Le Morne magharibi wakati wa kipupwe, Grand Baie kwa wanaopenda maduka na usiku wenye watu.

Zanzibar na pwani ya Kenya suala ni maji kupwa na kujaa, ambayo hutofautiana hadi takriban mita 4 wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Paje na Jambiani maji yakipwa yanakwenda mbali sana, unabaki na mchanga na mashamba ya mwani. Nungwi na Kendwa mnaogelea kutwa. Mkipenda Paje kwa utulivu wake, tazameni jedwali la maji, na kumbukeni kwamba siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndizo za bamvua. Maldives tofauti ni kama mita moja tu, hivyo hilo haliwasumbui.

Wasiopenda bahari wana msitu wa Bwindi, Uganda. Kibali cha kuona sokwe wa milimani (gorila) ni dola 800 kwa wageni wa mbali, lakini raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda. Makundi ni ya watu 8, mnakaa na sokwe saa moja, na kupanda kunaweza kuchukua saa nyingi kwenye matope. Mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia. Wakenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Watanzania wabebe pasi.

Wengine huunganisha fungate na Umra. Ni wazo zuri kwa sharti mlijue umbo lake: chanjo ya homa ya uti wa mgongo angalau siku 10 kabla, viza za Umra husimama kipindi cha Hija, na mkiwa katika ihramu unyumba hauruhusiwi. Fanyeni ibada kwanza, kisha mpumzike Madina au Jiddah.

Hatua ya 6: Afya

Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Maldives, Mauritius na Seychelles hukidai kwa wanaotoka maeneo yenye ugonjwa. Mtanzania anayepitia Nairobi, Addis Ababa au Entebbe na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12 anaweza kuhesabiwa ametoka huko. Mjamzito azungumze na daktari kabla, kwa sababu chanjo hiyo ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Visiwa hivyo vitatu havina malaria. Vyote vina dengi, kwa hiyo dawa ya mbu ya mchana ibebwe.

Bibi harusi ahesabu siku zake kabla ya tarehe kupangwa. Zikiangukia safarini, daktari anaweza kumpa vidonge vya kuchelewesha, ambavyo kwa kawaida huanza kumezwa siku 3 kabla, na si kila mwanamke anafaa kuvitumia. Wanaochanganya na uzazi wa mpango wajue kwamba vidonge hivyo si kinga ya mimba.

Hatua ya 7: Kulipa bila kuibiwa

Kukatiwa nafasi na kukatiwa tiketi ni mambo mawili. Nafasi ina herufi na namba 6. Inaweza kufutwa kesho. Tiketi iliyolipwa ina namba ya tarakimu 13. Msilipe salio kwa wakala mpaka muone namba hiyo, na muiingize wenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege. Hoteli nayo mpigieni au mwandikieni moja kwa moja kuuliza kama jina lenu lipo. Kifurushi cha fungate kinachouzwa kwa simu, chenye bei ya chini kuliko nauli peke yake, hakina siri nyingine: ni utapeli.

Punguzo la fungate huombwa kwa barua pepe kabla ya kulipa. Mkifika mapokezini na kusema mmeoana juzi mtapata keki na taulo zilizokunjwa kama bata. Ulizeni kwa uwazi: chumba cha daraja la juu, mlo mmoja wa jioni, au usafiri wa bure kwa mmoja wenu?

Ombeni benki iwezeshe kadi zote mbili kwa malipo ya nje na mjue kikomo cha siku. Hoteli nyingi huzuia dhamana kwenye kadi. Kwa kadi ya kawaida fedha hizo hutoka kwenye salio lenu na huweza kuchukua wiki mbili au zaidi kurudi. Kampuni nyingi za magari ya kukodi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Noti za dola ziwe mpya, zisizo na maandishi wala mikunjo.

Ratiba kwa ufupi

- Miezi 6: mfuko, pasi, kuchagua mwezi na majina matatu.
- Miezi 4: viza ya Ulaya kama ipo, kulinganisha bei kamili, kuwaandikia hoteli.
- Miezi 3: tiketi, malazi yenye ruhusa ya kufutwa.
- Mwezi 1: chanjo, bima, kadi za benki, nakala za cheti.
- Siku 3 hadi 4: fomu za kuingia. Maldives hupokea tamko ndani ya saa 96 kabla ya safari, Malaysia na Singapore ndani ya siku 3. Zote ni bure; tovuti inayowadai fedha kwa fomu hizo si ya serikali.

Kwenye masanduku, kila mmoja aweke nguo za siku mbili ndani ya begi la mwenzake, na dawa, cheti cha homa ya manjano na pete vikae kwenye mkoba wa mkononi. Begi lisipofika, ripoti hujazwa dawatini kabla ya kutoka kwenye ukumbi wa mizigo, na mnadai nakala yenye namba. Mkishatoka nje bila hiyo karatasi, kudai fidia ni kazi ya miezi.